Rahisi

Kwa noti moja ya dola mia, posho ya semina,
nilipewa mfuko wa plastiki.
Mbadili fedha wa Burj Hamud hakuhesabu sana,
alifunga mafungu kwa mpira wa njano
kama muuza mchicha, akasema: Ficha.
Kisha akacheka: Au usifiche.
Mwizi gani atabeba mzigo huu?

Nami nikajiona tajiri. Sitasema uongo.
Mimi niliyeandikwa kwenye daftari la Mangi
(mchele kilo mbili, sabuni nusu mche, ataleta Ijumaa)
nilitembea Beirut kifua mbele,
nikaagiza samaki mzima, na kachumbari yenye komamanga,
na kahawa, na kahawa nyingine.
Bei kwenye menyu zilikuwa za penseli.
Kati ya kahawa ya kwanza na ya pili
mhudumu alikuja na kifutio,
akaomba radhi, akafuta, akaandika upya,
akapuliza vumbi la mpira lisiniingie kikombeni.

Bado ilikuwa rahisi.
Nikalitamka kwa sauti: rahisi! Naye akageuka,
maana neno ni lao, sisi tuliazima
na hatukurudisha.
Kwetu lina maana mbili, bei ya chini na kazi nyepesi.
Kwao, nilivyomwona usoni,
lina ya tatu.

Umeme ulikuja saa tisa usiku, ukakaa saa moja.
Bi Insaf aliamka kuupokea kama mgeni wa mbali:
akapiga pasi, akachaji taa, akajaza tangi,
akasaga kahawa ya siku nzima gizani kusije kukafika.
Miaka thelathini na minne alifundisha fizikia.
Pensheni yake alinionyesha kwa vidole:
trei moja ya mayai. Na betri za tochi, mwezi ukiwa mzuri.
Akiba yake iko benki. Benki imejivika mabati
kama kibanda kilichofungwa na manispaa.
Zipo, alisema, pesa zangu zipo,
kama nyota zilivyopo.
Nyingine unaiona inawaka, kumbe ilikwisha kufa zamani.
Nilifundisha hilo kila mwaka, muhula wa pili.
Sikujua nafundisha habari za benki.

Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa napiga hesabu:
samaki yule na kahawa zile mbili
ni mwezi wake mzima,
na siku kadhaa za mwezi ujao.
Mwiba wa samaki ulikuwa bado kwenye jino langu,
naugusa kwa ulimi, hautoki.

Siku ya kuondoka lifti ilikuwa imekufa.
Kutoka ghorofa ya sita alilishusha begi langu
kwa kamba ya kikapu chake cha mkate,
nami chini, mikono juu, kama ninayesubiri embe.
Hapo nikaona nimepata ujanja.
Nikatia kikapuni mafungu yote yaliyobaki,
nikatikisa kamba mara mbili.
Kikapu kikapanda. Kikapita nguo za ghorofa ya pili,
jenereta ya ghorofa ya tatu,
mzee mwenye fulana aliyekitazama, akanitazama,
akarudi ndani.

Dereva alipiga honi: petroli haisubiri, bei itabadilika!
Kikapu kikashuka.
Mafungu yamo, mpira wa njano ni uleule.
Juu yake kipande cha karatasi,
mwandiko mkubwa, wa ubaoni:
Siku nne. Umelipa. Hakuna deni.
Chini ya noti, ndani ya leso,
yai moja la kuchemsha, bado la moto.

Nililimenya kwenye teksi,
mbele ya benki yenye mabati,
maganda nikiyaweka ndani ya mfuko wa pesa.
Sikuwa na chumvi.